Mzee ninayemtunza anatoa hundi kila siku, na mkono unaoandika ni wangu

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mzaliwa wa Muheza. Huu ni mwaka wa saba niko Marekani, jimbo la Ohio, na kama tulivyo wengi huku, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Kuna wakala anayenipangia kazi na kunilipa. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa niko kwa mzee wa miaka 83, mjane, aliyepigana Vietnam. Naingia saa mbili asubuhi, natoka saa kumi na mbili jioni. Namsaidia kuoga, nampikia, namkumbusha dawa, tunatazama besiboli ambayo mpaka leo siielewi. Ni mzee mwema. Ananiita binti. Nilipofiwa na mama yangu alikaa na mimi jikoni mpaka nikamaliza kulia, na chakula chake kikapoa mezani bila yeye kulalamika.

Shida yenyewe ni barua na simu. Kila siku posta inaleta bahasha nane, tisa. Moja ina sarafu ya senti tano inayochungulia kwenye kidirisha cha plastiki. Nyingine ina maswali matano, eti ameteuliwa kutoa maoni kwa niaba ya jirani zake, na chini ya maswali kuna visanduku: dola 35, 50, 100. Nyingine imetengenezwa kama bili kabisa, ina jina lake, "ahadi yako", kiasi na tarehe ya mwisho. Ni za kusaidia askari polisi, wazima moto, wanajeshi wa zamani, wagonjwa wa saratani ya matiti, au kumwokoa mgombea fulani asishindwe. Mkono wake unatetemeka, kwa hiyo yeye anasema, mimi naandika hundi, yeye anatia sahihi.

Halafu kuna simu ya saa kumi jioni. Kifaa chake cha sikioni kimeharibika tangu kabla ya Krismasi, anasema hana pesa za kukitengeneza, kwa hiyo simu anaiweka kwenye spika na mimi nasikia yote. Ni kijana mwenye sauti ya upole, anamwita kwa jina, anamshukuru kwa kulitumikia taifa. Siku moja mzee alimwambia kwamba mkewe alifariki mwezi kama huu. Kijana akacheka kidogo, akakohoa, akasema, "Nakuelewa kabisa bwana, ndiyo maana tunakupigia." Niliona ajabu, mtu kucheka hapo. Jumatatu iliyofuata, katikati ya maneno mengine kabisa, nikasikia kicheko kilekile na kikohozi kilekile. Mama, ile ni rekodi. Kuna mtu mahali fulani anabonyeza vitufe.

Usiku ule nilipitia vishina vya kitabu cha hundi. Januari na Februari peke yake hundi 41, dola 1,685. Karibu zote ni mwandiko wangu. Nikasoma yale maandishi madogo chini ya barua, nikaona nyingi si mashirika ya hisani, ni kamati za kisiasa, zile wanazoziita PAC. Nikaanza kuficha. Nina barua tatu kwenye begi langu hadi leo, sijazitupa wala sijampa.

Nina hofu tatu. Wakala alinisainisha karatasi kwamba sitagusa pesa za mteja. Mwanawe wa pekee yuko Arizona, anapiga simu Jumapili, wanagombana siasa kisha wanakata. Alishamwambia akiendelea na mambo yake atampeleka nyumba ya wazee. Na la tatu linanihusu mimi. Mwaka wangu wa kwanza huku, nikiwa bado kwenye viza, nilipigiwa simu kama hizo nikatoa dola 25 kwa ajili ya "familia za askari". Sasa nina makaratasi ya ukaazi wa kudumu na mwakani naomba uraia. Mtu kanisani ameniambia mgeni haruhusiwi kuchangia siasa za huku. Toka hapo sijalala vizuri.

Nimwambie mwanawe? Nimwambie wakala? Nimwambie mzee kwamba rafiki yake wa saa kumi ni mashine? Au niendelee kuandika, nile mshahara wangu, ya Kaisari nimwachie Kaisari? Anaibiwa, na kalamu ninayo mimi.

Mtunza mzee, Ohio

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba wa mama.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye kile kikohozi. Una masikio. Kuna watu wamefanya kazi ndani ya nyumba za wazee miaka ishirini wasisikie hicho.

Nikikuelewa vizuri, umebeba mizigo mitatu na umeifunga kamba moja: pesa za mzee, kazi yako, na zile dola 25. Kila ukitaka kuinua mmoja, mingine inakuvuta chini. Naomba tuifungue kamba kwanza.

Tuanze na hao wanaopiga simu, maana unaandika kama mtu asiye na hakika kama anachokiona ni wizi au ni desturi ya nchi. Kwa bahati mbaya, ni vyote viwili. Huko kamati ya kisiasa inaruhusiwa kukusanya pesa kwa watu na kuzitumia kulipa kampuni za simu, posta, washauri, na mishahara ya wenyewe. Hakuna sheria inayosema lazima fungu fulani limfikie mgombea. Kosa linakuja pale wanapomdanganya mtoaji kuhusu pesa yake inakokwenda. Ndiyo maana wajanja wengi walihama kutoka kwenye hisani kuja kwenye kamati. Shirika la hisani linabanwa na serikali ya jimbo na mamlaka ya kodi. Kamati inatazamwa na Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, yenye viti sita vya makamishna, isiyoweza kuamua jambo bila kura nne, na mwaka 2025 ilipoteza hata akidi.

Nikupe mifano, usidhani ni wewe tu. Mwaka 2013 kamati moja iliyoitwa Conservative StrikeForce ilichangisha watu ikisema inamsaidia Ken Cuccinelli awe gavana wa Virginia. Ilikusanya kama dola milioni 2.2. Mgombea mwenyewe alipata 10,000. Aliwashtaki, wakamlipa 85,000 mwaka 2015, na mwendeshaji wa kamati hiyo, Kelley Rogers, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu mwaka 2020. Wengine watatu walishtakiwa mwaka 2021 kwa kamati zilizokusanya takribani dola milioni 3.5 wakati wa uchaguzi wa 2016. Waendesha mashtaka walisema zilizofika kwa wagombea au kwenye siasa yoyote ni kama dola 19. Kumi na tisa. Hiyo si nauli ya teksi kwenda uwanja wa ndege.

Na mfano wa tatu huenda ndiye jamaa wa aina ya "kijana" wako. Richard Zeitlin wa Las Vegas alikuwa na vituo vya kupiga simu. Kuanzia kama 2017 aliwaelekeza wateja wake kwenye kamati badala ya hisani, na maneno ya simu yakabadilishwa ili mtoaji aendelee kudhani anasaidia hisani. Alikiri kosa mwaka 2024, akapewa miaka kumi. Kwa hiyo ukisema unasikia harufu, pua yako haijakosea.

Hata hivyo, nikuulize kwa upole: je, zote 41 ni za aina moja? Ndani ya rundo hilo huenda kuna mgombea wa kweli ambaye mzee anampenda na ana haki ya kumchangia hata kama wewe na mwanawe humpendi. Ukizifunga zote kwenye gunia moja la wizi, atakachosikia ni sauti ya mwanawe imepata lafudhi ya Tanga. Kuzichambua kunawezekana, na si kazi ngumu. Ingieni kwenye tovuti ya Tume, fec.gov, muandike jina la kamati kama lilivyo kwenye barua. Yataonekana mapato, matumizi, na nani alilipwa. Mkiona milioni zimeingia na zimetoka kwa kampuni zilezile za simu na "ushauri", na kwa wagombea ni sifuri au vijisenti, mmeshajua. Jina msipolipata huko, yako makundi ya kisiasa yanayoripoti kwa mamlaka ya kodi, IRS, badala ya Tume.

Nimesema ingieni, wingi. Hapo ndipo nina swali la pili. Barua yako yote inauliza nimwambie nani *kuhusu* mzee. Mzee mwenyewe umemweka wa mwisho, na umemweka kama mtu wa kuvunjwa moyo. Una hakika hajui? Nakuuliza kwa sababu ya jambo la nyumbani. Baba yangu mdogo aliwahi kupata ule ujumbe tunaoujua wote, "ile hela tuma kwenye namba hii", akatuma laki mbili. Tulicheka. Tulimcheka mbele ya wajukuu, na kila sherehe hadithi ikarudiwa. Miaka miwili baadaye aliliwa tena, safari hii pesa ya ng'ombe wawili, na hakumwambia mtu. Tuliijua kwa jirani. Pesa ya kwanza ilichukuliwa na tapeli. Ya pili, sisi tuliomcheka tulichangia.

Mzee wako anapokea simu saa kumi kutoka kwa mtu anayemshukuru kwa vita ambayo wengi hawakumshukuru. Jumapili anapokea simu ya mwanawe, wanagombana. Jipime wewe, ungengojea ipi? Inawezekana ananunua kitu kwa zile dola 35, na anajua bei yake kuliko unavyodhani. Inawezekana pia akili imeanza kuteleza, na bili ya "ahadi yako" anaiona deni la kweli, maana watu wa umri wake walilelewa kulipa madeni. Hayo ni mambo mawili tofauti na dawa zake ni tofauti. Wewe unayekaa naye saa kumi kwa siku unaweza kuona tofauti: anakumbuka kwamba amempa huyu wiki iliyopita? Anaweza kusema kamati hii ni ya nini? Anatoa dola 50 huku akijua kifaa cha sikio kinangoja, au hajaunganisha hayo mawili?

Ukiamua kuanza na yeye, usianze na neno "umeibiwa". Unaweza kumwomba, simu ikilia, amuulize kijana swali lisilo kwenye karatasi: huko kwenu mvua inanyesha? Akisikia mwenyewe jibu lisilolingana, atakuwa amegundua yeye, hujamgundulia. Hatari yake ni kwamba anaweza kuumia, au akakukasirikia wewe badala ya kijana, maana wewe uko karibu. Jiandae kwa jioni moja au mbili za kimya. Na saa kumi itabaki tupu. Afadhali uwe umefikiria nini kitaijaza.

Kuhusu mwanawe. Unamwogopa kwa sababu ya lile neno la nyumba ya wazee, na sikulaumu. Lakini huyo ndiye anayeweza kufanya vitu usivyoweza wewe: kuzungumza na benki, kwa ridhaa ya baba, ili jina lake liwe mtu wa kuarifiwa, au kukubaliana na mzee kuwe na akaunti ndogo ya kutoa, ambayo ikiisha mwezi huo imeisha, na kubwa ikabaki salama. Wazee wengi wenye heshima zao hukubali hilo kuliko kunyang'anywa kitabu. Hatari ni kwamba ukimpigia kwa siri, na mzee akajua, imani ya mwaka na nusu inaondoka na simu moja. Kuna njia ya katikati, kumwambia mzee kwamba ungependa Jumapili hii yeye mwenyewe amtajie mwanawe, na wewe uwepo chumbani. Utajua wewe kama Jumapili zao zinabeba mzigo huo.

Kwa wakala nitasema wazi zaidi, kwa sababu hapa naogopa kwa ajili yako. Siku mtu yeyote akifungua kile kitabu cha hundi, awe mwanawe, benki au mwanasheria, ataona mwandiko wa mtunzaji mgeni na pesa zimekwenda. Hataona kwamba zilikwenda kwa kamati mpaka apekue. Ulisaini karatasi. Pia katika majimbo mengi, na Ohio imo, mfanyakazi wa wakala wa huduma za nyumbani akishuku kuna mtu anamnyonya mzee kifedha ana wajibu wa kutoa taarifa kwa ofisi ya kulinda watu wazima. Taarifa hiyo si kumpeleka mzee polisi. Kwa kawaida huja ofisa wa ustawi wa jamii kuzungumza naye, na mzee mwenye akili timamu anaweza kukataa msaada. Ukienda kwa msimamizi wako huenda ukahamishwa nyumba, sitakuficha, na hilo litawaumiza nyote wawili. Usipokwenda, unabaki peke yako na vishina vyenye mwandiko wako. Kuna njia za kulianza jambo hilo. Kwa mfano: "Mteja wangu ananiomba nimwandikie hundi, nifanyeje?" Ni swali la kweli, na ukiliandika kwa barua pepe linabaki na tarehe yake. Na mzee ukimwambia, "Wakala hawaniruhusu kushika hundi," hujamdanganya, wala hujamhukumu. Akitaka kuandika kwa mkono wake unaotetemeka, ataandika. Huenda hundi tatu zikamchosha, huenda zisimchoshe.

Nilitaka nikushauri msajili namba yake kwenye orodha ya kuzuia simu za biashara, kisha nikakumbuka simu za siasa haziguswi na orodha hiyo. Waliotunga sheria ni wanasiasa. Afadhali kifaa cha kuchuja simu, au mpangilio wa simu unaopitisha namba alizozihifadhi tu.

Sasa dola zako 25. Mtu wa kanisani hakukosea: aliye mgeni asiye na ukaazi wa kudumu haruhusiwi kuchangia uchaguzi wa Marekani, wa ngazi yoyote. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa, kwa hiyo leo ungekuwa huna kosa. Wakati ule hukujua, na uliambiwa ni familia za askari. Kutojua kuna uzito, hasa kwenye makosa ya jinai, lakini uzito gani hasa kwenye faili la uraia si mimi wa kukupimia. Kabla hujajaza fomu, mwone mwanasheria wa uhamiaji, mweleze kama ulivyonieleza mimi, na umpe tarehe na kama ulipewa risiti. Usijaze kwa kukisia na usimuulize tena mtu wa kanisani. Lakini unaona jinsi hofu hii ilivyokufunga mdomo kwenye jambo lisilohusiana nayo? Mzee hajui habari za viza yako. Wakala haulizi. Ni wewe uliyeziunganisha usiku, taa zikiwa zimezimwa. Na kuna upande wake mwingine: wewe na mzee mmepigiwa na watu wa aina moja. Ukimwambia, "Hata mimi walinipata," kikao kitakuwa cha watu wawili walioliwa, si cha mtunzaji na mtoto.

Umeandika "anaibiwa, na kalamu ninayo mimi." Nimelifikiria sana hilo. Kalamu umeishika kwa sababu mkono wa mtu ulikuwa unatetemeka, na hilo halikuanza kama kosa. Litakuwa nini kuanzia sasa, utaamua wewe, na sitakutangulia. Niandikie ulichochagua, hata kama hakikwenda vizuri.

Ila zile barua tatu ni zake, zina jina lake, na kuhusu barua ya mtu mwingine sheria ya huko haina mzaha. Zirudishe kesho asubuhi, kabla hujavua koti.